Muda wa Sigara Moja

Kazi ya Bisimwa ilikuwa kula kabla ya mwenye chakula. Watu waliambiwa ni mpishi, na kweli alipika, lakini kupika wangeweza wengi. Meja, mkubwa wa jeshi aliyemwajiri, alimweka kwa sababu ya ulimi wake. Kila kilichopandishwa ngazi za nyumba ile ya Old Kampala, iwe chai, iwe mchuzi, iwe maji matupu, kilipita kwanza kinywani mwa Bisimwa. Kisha alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, mahali ambapo Meja angeweza kumwona uso, na Meja akawasha sigara. Sigara ikiisha na Bisimwa bado yu wima, basi chakula kinaliwa. Ndiyo maana katika nyumba ile hakuna kilicholiwa kikiwa moto, na Meja, ambaye utaratibu huo aliuweka mwenyewe, hakuacha kulalamika kwamba Wakongo hawajui kuleta chakula mezani kikitoa moshi.

Mambo hayo yalikuwa na kichekesho chake, kwa mwenye moyo wa kucheka. Meja alipopata mafua, Bisimwa alimeza vidonge vya mafua. Meja alipofunga choo, Bisimwa alikunywa dawa ya kulainisha tumbo, akasimama mlangoni sigara nzima huku tumbo likimnguruma, na Meja akasema vizuri, inaonekana inafanya kazi. Jioni ile Bisimwa aliteremka hadi Kalerwe, ambako yeye na mkewe Hortense walipanga chumba nyuma ya soko, akamsimulia mkewe kisa chote, na Hortense akacheka mpaka akashika mbavu. Hiyo ilikuwa zamani, kazi ilipokuwa mpya. Siku hizi alirudi nyumbani bila neno. Hortense alimpakulia, naye akakitazama chakula kama kitu cha mtu mwingine, kwa sababu amezoea kula kwa amri na hamu yake mwenyewe hajui aliiacha wapi.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa miguu wala wa mgongo, huo ungeisha kwa usingizi. Alichoka kuaga dunia kila mlo. Asubuhi anaaga kwa chai, mchana anaaga kwa nyama, jioni anaaga tena, na kila mara dunia inamrudisha jikoni akamenye ndizi. Alikimbia Bukavu wakati askari wa kukodiwa walipougeuza mji uwanja wa vita, akaacha jiko la shule ya misheni na masufuria yake makubwa, akavuka mpaka akiamini amekimbia kifo. Sasa alikuwa analishwa kifo kwa kijiko, kidogo kidogo, na hata hakiji. Kuacha kazi hakukuwa jambo la kufikiriwa. Askari wa langoni walijua chumba chake Kalerwe hadi rangi ya pazia.

Jumapili moja, mchana, Alanyo alikuja tena.

Bisimwa alimjua. Mumewe, Okeny, alikuwa koplo wa polisi, Mwacholi, na alichukuliwa kutoka kwenye kambi ya polisi ya Naguru pamoja na wenzake wa kabila lake bila kuambiwa kosa. Kila mtu alijua kwamba ufunguo wa mahabusu walimofungiwa, hukohuko Naguru, ulikuwa kwa Meja. Alanyo alishakuja na kuku, akarudishwa langoni. Alishakuja na simsim, ufuta wa kwao, askari wakaila palepale na kumwambia arudi wiki ijayo. Siku hiyo alikuja na chupa aliyoifunga kwenye kanga, na askari, ambaye chupa ilimlainisha zaidi ya kuku, akampeleka nyuma jikoni ili mpishi aitazame kwanza.

Bisimwa akaifungua kanga. Mwanamke akaeleza, kwa sauti ndogo, kwamba ni mvinyo wa Kitaliano. Alikuwa akifua nguo za injinia mmoja Mtaliano wa mambo ya barabara aliyekaa juu ya kilima cha Naguru, na injinia huyo, siku ya kufungasha na kurudi kwao, alimpa chupa hiyo akamwambia aiweke kwa ajili ya siku kubwa. Alanyo aliilaza chini ya kitanda nyuma ya viatu vya Okeny. Siku kubwa haikutokea. Ikatokea hii.

Yote hayo yangeaminika kama si chupa yenyewe. Karatasi yake ilikuwa imekwanguliwa. Haikubanduka kwa unyevu wala kwa uzee. Mtu alikaa akaikwangua kwa kitu chenye makali mpaka kioo kikabaki na mikwaruzo. Bisimwa akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni mwa chupa, upande uliolalia, kulikuwa na kitu cheusi kimeganda, na alipoigeuza kile kitu kikajikokota ndani ya kinywaji kama tope. Pombe ya nyumbani ina machicha, hilo alilijua, lakini kinywaji cha wazungu kilichozibwa kiwandani kilitakiwa kuwa safi kama waragi, ile pombe kali ya Uganda iliyo nyeupe kama maji. Akamuuliza ni nani aliyeikwangua karatasi, na kwa nini. Alanyo akatazama pembeni, kwenye rundo la maganda ya ndizi, akasema ilikuwa chafu tu. Uongo huo ulionekana wazi usoni mwake.

Kizibo nacho kilikuwa na ushahidi wake. Kilikuwa cheusi juu, kina ukungu, na Bisimwa alipokichimba kwa kisu kikavunjikavunjika na nusu yake ikazama ndani. Akakitoa kipande kwa kijiko. Moyoni alikwisha kuelewa, au alidhani ameelewa. Mwanamke huyu amepata habari kwamba mumewe ameuawa. Hakuna tena wa kumwombea. Amekuja kulipiza.

Angeweza kumwita askari palepale. Alimtazama Alanyo, gauni lake la Jumapili lililopigwa pasi vizuri, miguu yenye vumbi la kutembea kutoka Naguru, na uvivu mzito ukamshika. Kupiga kelele kulihitaji nguvu. Akachukua chupa, glasi mbili na sahani ya mbuzi, akamwambia amfuate.

Meja alikuwa amekaa mezani, viatu amevua. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo ndilo lililowatisha watu. Alanyo akapiga magoti kwenye sakafu, akasalimia, akasema alilokuja nalo, kwamba anaomba mume wake, na kwamba ameleta zawadi ndogo. Meja akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeigusa chupa, na kwa nini haina karatasi. Mwanamke akarudia kwamba ilikuwa chafu. Kisha, bila kuulizwa, akanyoosha mkono kuelekea kwenye glasi.

“Afande, kwetu mwenye kuleta pombe anaonja kwanza. Ruhusu mimi nionje.”

Bisimwa akasema moyoni, basi ndivyo. Amekuja kuua na kufa, vyote kwa safari moja. Meja alitabasamu, akausogeza mkono wa mwanamke taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

“Wewe hapana. Mtu anakuja kuua mimi, labda na yeye anataka kufa. Nitajua namna gani?” Akamwonyesha Bisimwa kwa kidole. “Huyu Mukongo anataka kuishi. Mimi naamini mtu anataka kuishi.”

Bisimwa akamimina kidogo. Alitarajia wekundu wa damu, ule aliouona kwa mbali misheni padri alipoinua kikombe, lakini huu ulikuwa na rangi ya kigae cha paa, na pale ulipogusa kioo ukageuka kahawia ya chai iliyolala. Akausogeza puani. Ulinuka lami, ile lami ya moto ya barabara inayotengenezwa, na nyuma ya lami kulikuwa na maua, si mabichi, maua yaliyosahauliwa altareni mpaka yakakauka. Hakuwahi kukutana na kinywaji chenye harufu mbili zisizojuana namna hiyo. Akautia mdomoni.

Kwanza ulikuwa chachu. Halafu ukawa mchungu, uchungu usio na haraka, ukaenea hadi kwenye mizizi ya meno. Halafu kinywa kikakauka. Fizi zikavutika, ulimi ukagandamana na kaakaa kama alipokuwa mtoto akauma ndizi mbichi kwa ubishi. Mate yakakatika kabisa. Alikwisha kusikia kwamba sumu nyingine huanza hivyo, kwa kukausha kinywa, kisha koo, kisha pumzi. Akameza.

Basi imefika, akajiambia.

Alijua la kufanya. Walimfundisha siku ya kwanza: ateme, aseme neno moja, na maziwa na mayai mabichi yapo kabatini tayari kwa ajili yake. Neno moja, na Alanyo angeburutwa kwenye ngazi. Alingoja hofu ije imsukume kulisema neno hilo, kwa sababu siku zote hofu ndiyo iliyomfanyia kazi. Haikuja. Kilichokuja ni nafuu. Ilimpitia kuanzia mabegani, ile nafuu ya mtu aliyebeba gunia toka mbali akaambiwa tua hapo. Leo hakuna kurudi jikoni. Na huyu aliyekaa bila viatu atakuja nyuma yake, na labda huko hakuna wa kumwonjea. Bisimwa karibu acheke.

“Iko muzuri, afande,” akasema.

Meja akawasha sigara. Bisimwa akaenda mahali pake mlangoni, akaweka mikono nyuma. Ilikuwa sigara tamu kuliko zote alizowahi kusimamia. Alisikia muadhini akiita upande wa pili wa kilima, akasikia mbuzi wa jirani, akamtazama Alanyo aliyebaki amepiga magoti, na akampenda kama dada. Alidhani wameelewana, watu wawili waliochoka, bila kuambizana neno. Alanyo hakumtazama hata mara moja. Alikuwa anaitazama chupa kwa namna mtu anavyomtazama daktari aliyeshika majibu.

Sigara ikaisha. Bisimwa alishangaa kidogo kwamba magoti bado yanamshika, lakini akajiambia kuna sumu za haraka na za polepole. Meja akajimiminia glasi nzima, akanywa, akakunja uso. Akanywa tena. Akakata mbuzi, akatafuna, akanywa juu ya nyama, na uso ukakunjuka. Akasema ni kali, lakini na nyama inaelewana. Akajimiminia nyingine. Akamwambia Bisimwa aende, atamwita.

Jikoni Bisimwa alikaa juu ya gunia la makaa, akaegemea ukuta, akangoja. Alingoja kusikia glasi ikivunjika juu. Alingoja tumbo lake likate. Kinywa chake kilikuwa kimeanza kupata mate, na katika mate hayo kulikuwa na utamu fulani wa mbali, wa matunda yaliyokaushwa, ambao alikataa kuusikiliza. Akaanza sala ya kutubu, akaisahau katikati, akaanza upya. Juu, Meja akabeua. Ulikuwa mbeuo mrefu wa mtu mwenye afya.

Kisha akaitwa.

Meja alikuwa amesimama kwenye simu, glasi mkononi, macho yamelegea kwa raha. Chupa ilikuwa karibu tupu. Alanyo bado alikuwa sakafuni.

“Naguru? Yule koplo Okeny,” Meja alisema kwenye simu. “Yuko hai?” Akasubiri mtu wa upande wa pili aende akatazame. Bisimwa aliona mgongo wa Alanyo umeacha kupumua. “Basi mpeni nguo. Bibi yake anakuja kuchukua.”

Akakata simu, akamwambia mwanamke aende, na kama kuna chupa nyingine asisahau njia. Akamwambia Bisimwa aondoe vyombo. Hayo yote aliyasema kwa sauti ileile, sauti ya mtu anayepanga mambo ya Jumatatu.

Uani nyuma ya jiko Alanyo alishindwa kutembea. Bisimwa alimkalisha kwenye kibao, akampa maji, na mwanamke akayanywa huku analia na kucheka kwa pamoja, maji yakimwagikia kwenye gauni. Chupa ilikuwa imebaki na funda moja na tope lake. Bisimwa aliitazama. Alikuwa mzima, Meja alikuwa mzima, na hakuna maelezo ila kwamba hapakuwa na sumu. Akamuuliza tena kuhusu karatasi.

Safari hii Alanyo alisema kweli, kwa aibu. Karatasi ile ilikuwa na mwaka. Hamsini na nane. Aliuona usiku uliopita alipoifuta vumbi. Kwao pombe ikizidi siku tatu imechacha, humwagiwa nguruwe. Angempelekea mtu mkubwa pombe ya tangu kabla ya Uhuru, angesema anatukanwa, na Okeny ndiyo angekwisha. Kwa hiyo aliukwangua mwaka kwa wembe wa mume wake, na ili pasibaki dalili akakwangua karatasi yote. Hata hivyo alijua imeoza. Aliomba aonje kwanza ili kama ni mbaya sana aimwage kama kwa bahati mbaya.

“Sasa wewe ulionja,” akasema, “na mimi niliona uso yako. Ilikuwa mbaya. Lakini ulisema nzuri. Ulisaidia mimi, mzee. Mungu akupe.”

Akachukua chupa, akamimina funda lililobaki kwenye kikombe cha bati, akaonja, kwa kuwa mila ni mila hata ikichelewa. Akafumba macho. Akatema kwenye maganda ya ndizi, akauliza kwa mshangao wa kweli kama ni hiki wazungu wanakitunza miaka yote hiyo. Bisimwa akakipokea kikombe, akanywa kilichobaki. Bila kifo ndani yake kilikuwa kinywaji kingine. Lami ilikuwepo, maua yalikuwepo, na chini yake kulikuwa na kitu kipole, kizee, ambacho Bisimwa angetaka kukijua zaidi, lakini kilikuwa kimekwisha.

Angeweza kunyamaza. Mwanamke alikuwa amempa shukrani, na shukrani mjini Kampala mwaka ule zilikuwa adimu kuliko sukari. Lakini hata nguvu za kuzibeba zile shukrani za uongo hakuwa nazo.

“Mama,” akasema, “mimi nilifikiri ni sumu.”

Alanyo hakuelewa. Bisimwa akamweleza polepole: karatasi iliyokwanguliwa, tope, kizibo, kinywa kilivyokauka. Alidhani Okeny amekufa na yeye amekuja kulipa. Alimeza akijua, au akidhani anajua.

“Na bado ulisema nzuri?”

“Nilisema nzuri.”

Mwanamke aliiweka chupa chini. Bisimwa alidhani angalau angemhurumia, maana yeye mwenyewe alikuwa anajihurumia. Lakini alipouona uso wa Alanyo, aliona mwanamke anayehesabu kitu ambacho yeye hakukihesabu. Meja angeanguka mezani. Askari wangepanda ngazi. Chupa ni ya nani? Ya mke wa Okeny. Okeny, ambaye muda ule alikuwa hai mahabusu bila nguo, asingefika jioni. Na kule kwenye vyumba vya kambi, Naguru, walikuwako watoto aliowaachia jirani.

“Uko na bibi?” akamuuliza.

“Niko naye. Hortense. Kalerwe.”

“Ulipomeza, ulikumbuka yeye?”

Bisimwa aliirudia sigara ile moyoni. Alikumbuka muadhini, mbuzi wa jirani, nafuu ile mabegani. Alikumbuka kwamba karibu acheke. Hortense hakuwamo. Askari waliojua rangi ya pazia hawakuwamo.

“Hapana,” akasema.

Alanyo akainuka, akaifunga kanga kiunoni kwa nguvu. Hakufoka. Sauti yake ilikuwa imechoka, labda kuliko ya Bisimwa, na hilo ndilo lililomchoma.

“Mimi pia nimechoka, mzee. Wewe ukichoka, choka peke yako. Usichoke na watoto yangu.”

Akatoka kwa mlango wa nyuma, hakukimbia, hakuaga, akashika njia ya Naguru kumchukua mume wake. Bisimwa alibaki amesimama katikati ya maganda. Aliona haya, haya ya moto iliyompanda shingoni, na tangu aingie nyumba ile hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi bila kuamriwa.

Juu, Meja aliita chai. Bisimwa akaitika naam, akateleka maji, akatoa majani kwenye kopo. Nusu yakamwagika. Akayaokota mezani, yakamwagika tena. Akayatazama majani yaliyotapakaa, akaelewa polepole, kama mtu anayekumbuka lugha ya utotoni, kwamba alikuwa anaogopa kufa.